Mke Wangu Anadhani Tunazunguka Msituni, Kumbe Tunakula Soseji

Shangazi Oddny,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kufulia nguo, ni Jumamosi saa nne asubuhi, mashine nimeiwasha tupu ili watoto wasisikie ninavyohema, na kabla sijaenda mbali naomba usiliandike jina langu la ukoo kwa sababu mji wetu ni mdogo na mama mkwe wangu husoma ukurasa wako wa gazetini kwanza ndipo arudi nyuma kwenye habari za nchi.

Jina langu la kwanza ni Halvard, nina miaka arobaini na mbili, kazi yangu ni kupima watu macho na kuwachagulia miwani, ni kazi ya ndani na naipenda hivyohivyo. Mke wangu Synne ni fundi wa mitambo, na tangu Oktoba yuko kwenye kituo cha hali ya hewa katika kisiwa cha mbali huko kaskazini, watu kumi na wanane, upepo usiolala, na hakuna mti hata mmoja. Atarudi mapema Aprili. Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili pale uwanja wa ndege akaniambia, "Kila Jumapili watoe nje. Si lazima mlima. Watoke tu, wakimbie, wapumue. Utaweza?" Nami nikajibu kama mtu aliyetukanwa, "Hilo nalo la kuniuliza?"

Shangazi, sikuweza.

Tuna watoto watatu na kila mmoja ana namna yake ya kukataa. Vilde ana miaka kumi na mitano, yeye hukataa kwa utulivu kama wakili. Eskil ana tisa, hukataa kwa kuumwa, na ugonjwa wake huhama, mguu, tumbo, jino, kisha mguu tena lakini wa pili. Tiril ana minne, yeye hakatai, yeye hukubali kwa furaha, tatizo ni kumvalisha. Jumapili ya kwanza ilinichukua dakika arobaini, nguo ya sufu, soksi ya sufu, soksi ya pili, ovaroli ya theluji, viatu, skafu ya shingo, kofia, glavu, na nilipokuwa navuta zipu ya mwisho akaniambia kwa upole, "Baba, mkojo."

Mama yao akiwepo huenda nao, wananung'unika lakini wanaenda, mimi hubaki nyumbani nikipika na kila mtu anaona ni mgawanyo mzuri wa kazi. Sasa siku hiyo nilikuwa peke yangu, tukafika kwenye maegesho ya njia ya msituni, theluji ya majimaji inapiga kioo, nikasema kwa sauti ya uchangamfu ambayo hata mimi niliisikia ni ya uongo, "Haya, twendeni!"

Hakuna aliyegusa mlango.

"Tukafanye nini huko?" Vilde akauliza.

"Tukatembee. Tukaone miti."

"Miti ile pale, Baba. Nimeiona. Asante."

"Mimi goti limelegea," Eskil akasema.

Nikageuka nikamwangalia Tiril, tegemeo langu la mwisho, naye alikuwa amelala, mdomo wazi. Na ukweli, Shangazi, ukweli ambao sijamwambia mtu, ni kwamba nilifurahi. Sipendi. Nimezaliwa katika nchi hii ambapo Jumapili kila mtu anaingia msituni na mkoba mgongoni kama kaagizwa na serikali, na mimi sijawahi kupenda. Marehemu baba yangu alikuwa akinipeleka kila wiki, alikuwa na miguu mirefu, alitembea mbele bila kugeuka, na ukiniuliza leo alikuwa anavaa kofia gani siwezi kukwambia, ninachokumbuka ni mgongo wake na begi lake la kijani linavyozidi kuwa dogo.

Basi nikawasha gari. Tukaenda kituo cha mafuta barabara kuu, tukanunua soseji, ile ya kuviringishwa kwenye mkate mwembamba wa viazi, tukala mle ndani ya gari vioo vikiwa na ukungu, tukawa na raha kweli. Nyuma ya kituo, baada ya sehemu ya kuoshea magari, kuna misonobari kama saba na kichuguu cha theluji kilichosukumwa na tingatinga. Nikasema, shukeni dakika moja tu tumpigie mama picha. Wakashuka, nikapiga, nikatuma. Synne akajibu baada ya robo saa: *Nimelia. Asanteni. Hapa sijaona kitu cha kijani tangu nifike.*

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusema. Na Jumapili iliyofuata tukaenda moja kwa moja kwa soseji.

Shangazi, tumefanya hivyo miezi mitano. Na kwa jinsi binadamu anavyozoea kitu, tumekuwa mafundi. Vilde ndiye mwelekezaji. "Eskil, inama kama mtu aliyepanda kilima. Si hivyo, hiyo ni kama umemeza mfupa. Tiril, njoo nikupake theluji shavuni. Baba, sogea kulia, tangazo la mafuta linaonekana." Mkoba wangu tunaujaza mto wa kochi ili uonekane mzito. Mke wangu alipouliza ni wapi hapo panapopendeza vile, nikashikwa pabaya, Vilde akadakia kwa macho makavu kabisa, "Panaitwa Granhaugen, Mama." Hakuna mahali panapoitwa hivyo. Na Synne akamsimulia mama yake.

Mama mkwe wangu, Borghild, ana miaka sabini na mitatu, anateleza kwa skii kilomita kumi kila siku kabla ya chai, na hakuna kilima katika wilaya hii ambacho hajakikalia. Akanipigia simu. "Halvard, hii Granhaugen iko upande gani? Miaka sabini na mitatu naishi hapa, siijui." Nikasema ni jina la watoto tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi siku moja mnichukue." Tangu siku hiyo nikimwona dukani naingia mitini, na hiyo ndiyo mara pekee mimi huingia mitini.

Mwezi wa pili nikaenda kumchukua Tiril chekechea, mwalimu akaniita pembeni, nikaona anajizuia kucheka. Alikuwa amewauliza watoto, msituni kuna nini. Mmoja akasema mbweha, mwingine akasema kulungu, mwingine uyoga. Tiril akasema, "Soseji, na mahali pa kuoshea magari."

Ningeweza kuendelea kucheka hadi leo kama si mambo mawili. La kwanza lilitokea Jumapili ya wiki mbili zilizopita. Tulikuwa tumeshapiga picha, Vilde amerudi garini na simu yake, mimi nikaingia kulipia kahawa, nikatoka, Tiril hayupo. Eskil naye hayupo. Niliita. Nikazunguka sehemu ya kuoshea magari, nikazunguka kichuguu, nikaita tena, na sauti ikaanza kunipasuka, Vilde akaruka nje ya gari bila koti. Barabara kuu iko pale, Shangazi, malori yanapita. Sitaki kukueleza nilichokiona kichwani katika dakika zile.

Tuliwakuta nyuma ya ile misonobari, chini kidogo, mahali ambapo katika miezi mitano sikuwahi kukanyaga. Kuna kijito pale. Barafu ilikuwa imeanza kulegea na hao wawili wamepiga magoti wanaipasua kwa vijiti, vipande wanavitazama vikisafiri, wameziba nusu ya maji kwa mawe, wamelowa hadi kwapani, na wala hawakugeuka. Eskil, mwenye goti legevu, alikuwa amebeba jiwe la ukubwa wa kichwa changu. Nikateremka mbio nikitaka kuwafokea na kuwakumbatia kwa pamoja, barafu ikakatika, nikazama hadi paja.

Walicheka mpaka Tiril akaketi kwenye maji. Vilde akacheka, huyu ambaye tangu atimize kumi na nne hucheka kupitia puani tu. Nikavua kiatu nikamwaga maji, na nikasubiri wachoke, na hawakuchoka. Vilde alikuja kupiga picha akaishia kujenga upande wake wa bwawa kwa sababu eti wa wenzake ulikuwa umekosewa. Tulikaa saa mbili nzima. Hakuna aliyetaja soseji. Nilipowaita waondoke Tiril alilia kwa uchungu kama namtoa nyumbani kwao.

Nikajiambia, kumbe wamebadilika! Jumapili iliyofuata nikawapeleka njia ya kweli, imepangwa vizuri, ina vibao, kilomita mbili tu, nikatembea mbele kwa matumaini. Mita mia tatu, Shangazi. Nilipogeuka wote watatu walikuwa wamelala chali kwenye theluji kama waliopigwa risasi, na Eskil alikuwa anaumwa jino.

La pili ni hili. Juzi Synne alitupigia kwa video akiwa chumbani kwake, na ukutani juu ya kitanda amebandika picha zetu zote, ishirini na moja, kwa mpangilio. Anasema wenzake huja kuzitazama. Kisha akasema ana habari nzuri: amekodi kibanda mlimani kwa Pasaka, kilomita saba kutoka barabarani, hakuna umeme, siku tatu, tunaingia kwa skii. "Sasa mmekuwa hodari," akasema. "Mimi ndiye nitakayeachwa nyuma." Watoto wakanigeukia wote kwa pamoja. Viatu vya skii vya Eskil havimwingii hata vidole.

Pasaka ni wiki tatu kutoka leo. Nifanyeje watoto watatu wa umri tofauti hivi wapende kuwa nje, tena haraka? Na je, nimwambie mke wangu, au nijikaze tu na kuomba theluji iyeyuke yote? Mashine imemaliza kuzunguka, wananigongea mlango, tafadhali nijibu.

Halvard wa Nyuma ya Kituo

---

Halvard,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa habari za michezo akaja kuuliza kulikoni. Mara ya pili sikucheka sana.

Tuanze na lile lisilochekesha. Mwanamke amekaa miezi mitano mahali pasipo na mti, amebandika ukutani misonobari saba ya kituo cha mafuta, na kila anapoitazama anadhani anawatazama ninyi. Na wewe umewafundisha watoto watatu kusimama mbele ya kamera na kumdanganya. Tiril hajui kama ni uongo, kwake huo ndio msitu. Eskil anajua kidogo. Vilde anajua kila kitu, na amekuwa hodari, na uhodari huo ni kazi ya mikono yako. Uvivu wako ningekusamehe kabla ya chai ya saa nne. Hili la Vilde ulibebe mwenyewe.

Kwa hiyo simu, leo. Usingoje arudi, na piga ua usingoje hadi kibandani, maana mtakuwa kilomita saba kutoka barabarani na yeye ndiye mwenye shoka. Mpigie ukiwa peke yako. Usiwapange watoto nyuma yako kama kwaya ili akuhurumie. Usianze na kichekesho cha soseji, najua utashawishika. Sema: nilikuahidi, sikutimiza, nikakudanganya, nikawaingiza watoto. Kisha funga mdomo, na akikasirika mwache akasirike mpaka amalize. Baadaye waketishe watoto uwaambie mchezo ule umekwisha na kosa lilikuwa lako. Vilde umwombe radhi kwa jina.

Halafu uende kwa mama mkwe wako. Halvard, mtu mwenye miaka sabini na mitatu anayekuuliza Granhaugen iko upande gani halafu ananyamaza kidogo, huyo ameshajua. Alikuwa anakupa mlango utokee, nawe ukajificha nyuma ya rafu za mkate. Mwambie, kisha umwombe viatu vya skii vya Eskil. Nakuhakikishia ana jozi sita kwenye banda lake.

Sasa watoto. Unaniuliza ufanyeje wapende kuwa nje, na jibu umeniandikia mwenyewe, ulikuwa umesimama ndani yake hadi paja! Saa mbili kwenye kijito, hakuna aliyelia, hakuna aliyetaja jino. Wiki moja baadaye umewapeleka kwenye njia yenye vibao, ukatangulia, ukashangaa wamelala. Pale kijitoni walikuwa na kazi. Kule kwenye njia walikuwa na kilomita. Ni nani katika dunia hii, ukiacha Borghild, anayependa kilomita?

Tiril mwache aongoze. Nasema kweli, awe wa kwanza kwenye mstari. Mtoto wa miaka minne hutembea kutoka kijiti hadi kijiti, na katikati kuna mdudu, na baada ya mdudu kuna kurudi kukichukua kile kijiti cha kwanza. Ukihesabu atakuwa ametembea kuliko wewe, ila si kwa kunyooka. Kwake chukua glavu jozi tatu. Si mbili. Jozi ya kwanza italowa kabla hujafunga gari, ya pili ni ya kuchezea, ya tatu uifiche kifuani mwako ipate joto, na usimwonyeshe mpaka atakapoanza kulia kwamba vidole vinauma. Mkojo kwanza, zipu baadaye. Nashangaa umesoma hadi chuo na hilo hukulijua. Na safari yenu ya kwanza iishe wakiwa bado wanataka kuendelea. Watu wengi hapo ndipo wanapoharibu, wanangoja mtoto achoke ndipo waseme turudi, sasa mtoto anakumbuka nini? Anakumbuka kuchoka.

Eskil haumwi. Eskil amechoshwa. Mpe kisu, umwonyeshe namna ya kuchonga akielekeza makali mbali na mwili, umpe na kiberiti, na umwambie moto ni wake, usipowaka hatuli. Kisha ukae juu ya mikono yako. Utaona moshi, utaona vijiti vibichi, utatamani kumsaidia, usimsaidie. Na aje na rafiki. Mtoto wa miaka tisa akiwa na rafiki yake hana goti.

Vilde usimsukume. Usimwambie hewa safi ni nzuri kwa ngozi, wala enzi zako hakukuwa na simu. Mpe ramani, mpe uamuzi: tunapita wapi, tunasimama wapi, tunageuka saa ngapi. Umemwona nyuma ya kamera, yule ni kiongozi anayetafuta kazi, nawe ulimpa kazi mbaya. Mpe nzuri. Akitaka kutembea mita hamsini mbali nanyi ili asionekane na watu, mruhusu.

Na kuna mtoto wa nne, ambaye hukumhesabu. Ana miaka arobaini na mbili na anaona mgongo wa baba yake unazidi kuwa mdogo. Mtoto huyo, Halvard, hajawahi kuchukia msitu. Alichukia kuachwa. Sasa soma tena barua yako uone ulifanya nini kwenye ile njia ya kilomita mbili: ulitembea mbele. Kuanzia leo wewe utatembea wa mwisho. Kutoka nyuma utawaona wote, na hakuna atakayelazimika kukukimbiza.

Kilomita saba za Pasaka hamtaziweza, msijidanganye. Fikeni mtakapofika. Wiki tatu zinatosha kwa Jumapili tatu na jioni kadhaa baada ya chakula, nusu saa nusu saa, kwenye kijito hichohicho, maana wameshakipenda na hakina kosa lolote. Kamera iache nyumbani.

Ondoka kwenye chumba cha kufulia. Piga simu.

Oddny

---

*Barua hii imetufikia wiki moja baada ya Pasaka. Naiweka hapa kwa ruhusa ya mwenyewe na ya mkewe. — O.*

Shangazi Oddny,

Nilimpigia siku uliyosema. Simu ya kisiwani huchelewa kidogo, ukisema neno unangoja, na nilipomaliza kusema yote nilingoja nikadhani imekatika. Kisha Synne akauliza, "Miti ni ya kweli?" Nikasema miti ni ya kweli. Akasema, "Na watoto walikuwa wanacheka kweli?" Nikasema ndiyo, kwa sababu Vilde alikuwa anawachekesha ili picha itoke. Akakata simu. Siku nne alizungumza na watoto tu, mimi nilikuwa ninaambiwa kupitia Eskil, "Mama anasema ukumbuke kulipa bima ya gari." Siku ya tano akanipigia mwenyewe, akanifokea dakika ishirini bila kupumua, na nilifunga mdomo kama ulivyoagiza. Mwishoni akasema, "Kilichoniuma ni kwamba ungeniambia tu hupendi. Mimi ningekuja na njia nyingine." 

Borghild aliponisikiliza alisema neno moja, "Hatimaye," akaingia bandani. Jozi zilikuwa nane.

Mlimani tulienda, sita pamoja na Borghild, ambaye alimvuta Tiril kwenye kitelezi kila Tiril alipochoka kuongoza. Vilde alishika ramani. Baada ya kilomita mbili na nusu alisimama, akatazama mawingu, akamtazama Eskil, akasema, "Leo mwisho hapa." Synne akafungua mdomo. Nilikuwa nyuma kabisa, niliona mgongo wake ulivyokakamaa, maana kibanda alikuwa amekiota miezi mitano. Kisha akafunga mdomo, akachomeka skii zake kwenye theluji, akasema, "Sawa, nahodha."

Tulichimba shimo kubwa kwenye theluji tukakaa mle kama kuku. Moto wa Eskil ulichukua kiberiti kizima. Kwa kijiti cha mwisho ukashika, na yule mtoto hakushangilia, alikaa akiutazama, uso mweusi kwa masizi, na bibi yake akamsogezea sufuria. Jioni tulirudi kulala nyumba ya wageni kando ya barabara. Kesho yake waliamka wenyewe, wakataka kwenda kuliona shimo lao kama bado lipo. Lilikuwepo. Tukapita tukafika kilomita nne na nusu. Kibanda tulikiona siku ya tatu, kwa mbali, ng'ambo ya ziwa, kina moshi wa watu wengine waliokichukua baada ya Synne kukiachia. Tukawapungia mkono. Wakatupungia.

Sikwambii kwamba sasa napenda. Magoti yananiuma na glavu ya tatu inanipa baridi kifuani. Lakini juzi Jumatatu nilitoka kazini, nikakuta nyumba kimya, simu ya Vilde mezani peke yake, viatu vyote mlangoni havipo. Nikaweka samaki jikoni. Ilipofika saa kumi na moja, chakula tayari, nikafungua dirisha niwaite. Walikuwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba pamoja na mama yao, theluji ya mwisho, rangi ya kijivu na majani yaliyooza, wanaserereka juu ya mfuko wa plastiki wanne kwa mpigo. Nilivuta pumzi niite. Sikuita. Nikavaa viatu.

Samaki tulimkuta mkaa.

Halvard

---

Halvard, kesho nasikia mvua. Pelekeni mfuko mkubwa zaidi, na mara nyingine uzime jiko kwanza.

Oddny